MERIKEBU YA TAJIRI NA NGALAWA YETU



Kazi yetu ni reli, na mtu aweza kutuuliza, Ninyi watu wa reli mwatafuta nini baharini? Jawabu tunalo, lakini kwanza tutasema habari za daraja, kwa kuwa daraja ni kitu tunachokijua.

Katika mji wa Rotterdam, nchi ya Uholanzi, liko daraja la chuma liitwalo De Hef. Lilifunguliwa mwaka 1927 kwa ajili ya gari moshi. Sehemu yake ya katikati huinuliwa juu kati ya minara miwili, ili meli zipite chini yake. Treni ziliacha kulipita mwaka 1993, baada ya kuchimbwa njia chini ya mto, lakini wenyeji walikataa lisibomolewe, na hata leo limesimama. Mwaka 2022 ikatoka habari ya kwamba kampuni ya kuunda merikebu, Oceanco, yataka sehemu ile ya katikati ifunguliwe na kuwekwa kando kwa muda. Sababu ni nini? Ni merikebu moja ya anasa iliyokuwa ikiundwa kwa ajili ya Bwana Jeff Bezos wa Marekani, aliyeanzisha kampuni ya Amazon. Milingoti yake mitatu ilikuwa mirefu mno.

Watu wa Rotterdam walikasirika. Maelfu waliambiana kwamba siku hiyo watakuja na mayai yaliyooza waitupie merikebu ikipita. (Sisi tusingetupa mayai, hata yaliyooza, lakini kila mji na desturi yake.) Mwisho kampuni ikaacha ombi lake, na mwezi wa Agosti merikebu ikakokotwa usiku kwa njia nyingine, haijatiwa milingoti. Daraja halikufunguliwa hata parafujo moja.

Merikebu yenyewe yaitwa Koru, na urefu wake ni mita 127. Ndugu, hayo ni kama mabehewa sita ya abiria yaliyofungwa pamoja. Nyuma yake hufuata meli nyingine, Abeona, ya mita 75, yenye kiwanja cha helikopta. Yaani merikebu ya starehe imehitaji mtumishi wake, naye ni meli.

Hatuoni wivu. Twasema kweli. Lakini mwaka ule ule wa 2022, mwezi wa Machi, wafanyakazi wa ghala moja la Amazon huko Staten Island, katika mji wa New York, walipiga kura wawe na chama chao. Waliotaka chama walikuwa 2,654, na waliokataa 2,131. Kampuni ikayapinga matokeo. Basi pesa za milingoti zilipatikana, lakini kuketi mezani na wapakiaji wa vifurushi likawa neno zito. Hapo ndipo sisi tunapouliza maswali, wala si kwa sababu ya urefu wa merikebu.

Sasa jawabu letu. Sisi watu sita tulichanga tukanunua ngalawa kuukuu kwa mvuvi mmoja hapa pwani. Ni gogo la mwembe lililochongwa, lina ndubi pande mbili, na tanga lake limejaa viraka kuliko kitambaa. Haina injini. Siku ya kwanza hatukujua kubisha. Upepo ulituchukua hadi mikokoni, tukarudi tukiisukuma, maji kifuani, na watoto wa pwani wakitucheka. Tukajifunza. Mmoja hushika usukani, mmoja demani, mmoja hufua maji kwa kopo la rangi, na hao wengine huhamia upande wa upepo ili isipinduke. Tanga likijaa, ngalawa hutetemeka kidogo, kisha yaenda, na mtu hasikii tena kelele ya karakana iliyokaa masikioni mwake wiki nzima. Hakuna bwana humo. Mwenye mshahara mkubwa kati yetu ndiye aliyepewa kopo.

Twafikiri Bwana yule, na fedha zake zote, hapati zaidi ya hayo. Pengine hupata kidogo, kwa kuwa kamba zake huvutwa na watu wengine, naye hawezi kulowa ila akitaka.

Lakini ngalawa yetu sasa yakaa mchangani mwezi wa tatu huu. Haikuvunjika. Zamu zilibadilishwa, na siku ya mapumziko ikawa ni ile ambayo mkubwa ameikumbuka. Huyu apumzika Jumanne, yule Ijumaa, mwingine aitwa Jumapili alfajiri bila kuambiwa mapema. Watu sita hawapatikani. Jua limelipasua gogo karibu na tezi, na lisipozibwa kabla ya kaskazi kuanza, litakuwa kuni.

Kwa hiyo twaomba halmashauri ya tawi, itakapokwenda kuzungumza juu ya mishahara, iitie na karatasi ya zamu katika mazungumzo: kila mtu ajue siku yake ya mapumziko mwezi mmoja mbele, na isiguswe ila kwa ajali. Wako wanaosema jambo hili ni dogo mbele ya mshahara. Waje kwenye mkutano waseme hivyo mbele ya wake zao.

Na fundi yeyote mwenye pamba ya kalafati iliyobaki, atuone.