Sicomines: pesa zimepanda, lakini nani atazihesabu?

Mwezi wa tatu 2024, serikali ya RDC ilitia saini na kampuni za China nyongeza ya mkataba wa Sicomines, mgodi wa shaba na kobalti wa Kolwezi. Kinshasa ilishangilia: pesa za miundombinu zilipanda kutoka dola miliardi 3 hadi miliardi 7. Kabla ya kupiga makofi, tukumbuke tulikotoka.

Mkataba wa 2008 ulikuwa wa dola miliardi 9. FMI ikakataa. Nchi inaomba kusamehewa madeni, na wakati huohuo serikali yake inadhamini mkopo mwingine mkubwa? Mwaka 2009 mkataba ukashuka hadi miliardi 6, na mwaka uliofuata Kongo ikafutiwa deni la zaidi ya dola miliardi 12. Wengi walisema Washington inatunyima rafiki mpya. Lakini China yenyewe ni mwanachama wa FMI, leo ya tatu kwa hisa baada ya Marekani na Japani. Beijing haikupindua meza. Ilikaa kwenye kiti chake na kukubali sharti.

Ni nani basi aliyekuwa analinda pesa zetu? FMI ililinda hesabu ya madeni. China ililinda shaba yake. Mwezi wa pili 2023, wakaguzi wa IGF walionyesha kwamba kati ya miliardi 3 za ujenzi, milioni 822 tu ndizo zilikuwa zimetolewa. Ubalozi wa China ulipinga ripoti hiyo. Sawa, ni haki yake. Lakini miaka 15 ilipita, na hapa kwetu bunge lilikuwa wapi?

Nyongeza ya 2024 inaahidi dola milioni 324 kila mwaka hadi 2040, ila kwa sharti la bei ya shaba: ikishuka sana, na pesa zinashuka. Hisa hazikuguswa, 68 kwa mia ya China na 32 ya Kongo. Msamaha wa kodi nao umebaki, na hapo ndipo tunaona hasara kubwa kuliko zote, maana kodi haingoji barabara ijengwe ndipo ihesabiwe.

Wabunge wetu wa mashariki wanaporudi kuomba kura, tuwaulize: tani ngapi zilitoka Kolwezi mwaka huu, ziliuzwa bei gani, na ni barabara ipi ya kwetu ililipwa kwa pesa hizo?