Kabla hujaongeza busti, kaeni mezani

Leo tuweke pembeni kidogo mambo ya mishumaa na chakula cha jioni hotelini. Tuingie uani, pale ambapo gari limepandishwa juu ya stendi, boneti liko wazi, na mtu mzima mwenye kazi yake nzuri benki amelala chali chini ya injini, kaptula imejaa oili. Mnamjua. Pengine unalala naye kitanda kimoja. Pengine ni wewe mwenyewe, dada, maana siku hizi ugonjwa wa magari yenye turbo hauchagui jinsia.

Naomba nieleweke mapema: naandika haya kama shabiki, si kama mlalamikaji. Nyumbani kwetu tuna Subaru Forester yenye turbo. Spana tunashika wote wawili, mimi na mume wangu, na daftari la matumizi yake nalishika mimi. Kwa hiyo ninaposema kwamba gari la namna hii linaweza kuwapa raha au kuwavunjia nyumba, sisemi kwa kusikia tu.

Penzi hili lina historia. Wengi wetu tulikua tukitazama Safari Rally ya Kenya, magari ya bluu ya Subaru yakipasua vumbi. Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda na Impreza mwaka 2000, na Patrick Njiru, Mkenya, alitufanya tuamini kwamba hata mtu wa kwetu anaweza kukaa nyuma ya usukani ule. Kisha yakaja magari ya mtumba kutoka Japani, na kijana aliyekuwa akipiga makofi kwenye runinga akajikuta ana mshahara na anaweza kununua ndugu yake na lile gari la mashindano. Unategemea nini?

Tatizo linaanza wiki ya tatu. Nguvu iliyokuwa ikimtia kichaa inakuwa ya kawaida, na anaanza kusema neno moja: busti.

Kwa wasiojua, turbo ni kama feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moja inazungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini, ya pili inashindilia hewa na kuiingiza injini. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikiwa nyingi, petroli inayoweza kuungua nayo inakuwa nyingi, nguvu inapanda. Ule mgandamizo wa hewa iliyoshindiliwa ndiyo busti. Sisi wa Dar es Salaam tuko usawa wa bahari, ambako hewa ya kawaida ina mgandamizo wa karibu bar 1. Turbo ikiongeza bar 1 nyingine juu yake, injini inapokea hewa kwa mgandamizo wa mara mbili. Injini ni ile ile ya lita 2, lakini inakula kama kubwa.

Sasa, hewa ikishindiliwa inapata joto. Kwa busti ya bar 1 inaweza kupita nyuzi joto 100. Ndiyo maana kuna intakula, lile rejeta dogo la kupoza hewa, ambalo kwenye Forester na Impreza nyingi limekaa juu ya injini, chini ya ile pua ya kwenye boneti. Gari likisimama kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, intakula hiyo inaota moto wa injini badala ya kupoza. Hewa ya moto pamoja na petroli yenye oktani ndogo huleta balaa: mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati wake, pistoni inapigwa nyundo, na sehemu zinazoshika ringi zinapasuka. Injini imenoki. Na ikumbukwe kwamba turbo kali za soko la Japani zilipangwa kunywa petroli ya daraja la juu, ile ambayo kule huuzwa kama oktani 100. Kabla ya yote, jua kituo unachojazia kinauza oktani ngapi.

Nina rafiki, jina tuliache. Mumewe alinunua Impreza ya mtumba, akafunga kibanio cha kuongezea busti, kile kidogo cha kuzungusha kwa mkono. Kazi ya nusu saa tu. Akafunga na ekzosi kubwa. Nyumbani alisema, “Mke wangu, nimebadilisha plagi tu.” Miezi michache baadaye, wakielekea Morogoro na watoto wako nyuma, injini ikanoki barabarani. Gereji, fundi akamwambia rafiki yangu: “Shemeji, hii haifai, tafuteni nyingine. Na zile hela za bati nilimwambia asiziguse.”

Hela za bati! Nyumba yao ilikuwa imefika kwenye renta. Alichoniambia dada yule sijakisahau. Hakuumizwa na hela. Aliumia kwamba fundi wa gereji alikuwa anajua mipango ya nyumba yake kuliko yeye.

Kwa hiyo mwezi huu sitawaambia “acheni magari”. Nitawapa utaratibu. Ukiufuata, mtabaki na gari, na mtabaki wawili.

Kwanza, afya. Gari la mtumba halijulikani lilikotoka, na namba ya kilomita kwenye dashibodi isikulevye. Kabla ya farasi wapya, hakikisha wa zamani wako hai. Nunua au azima kipimo cha kompresheni. Silinda zote nne zinapaswa kusoma karibu sawa. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, funga boneti, mada ya busti imekwisha. Badilisha oili mapema, kila kilomita 5,000 kwa hali ya joto na foleni zetu, kwa sababu beringi za turbo zinaishi kwa oili safi. Baada ya mbio ndefu acha injini izunguke taratibu kwa dakika moja hivi kabla ya kuizima. Ulizia mkanda wa taimingi. Kwa kawaida hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, na kwenye injini hizi ukikatika, valvu zinagongana na pistoni.

Halafu kuna siri ambayo haigharimu kitu: mipira ya hewa. Ikivuja kati ya turbo na injini, turbo inahangaika zaidi na nguvu inapotea. Ziba mdomo wa mbele, ingiza hewa kidogo kutoka kwenye kompresa, bila kuzidi mgandamizo ambao gari limezoea, kisha pakaza maji ya sabuni kwenye maungio kama fundi pancha anavyotafuta tundu. Povu likitoka, umepata. Watu wanalipia turbo mpya wakati dawa ni klipu moja.

Pili, kusimama. Sielewi mtu anayeongeza nguvu juu ya breki zilizochoka. Pedi mpya, mafuta mapya ya breki, diski zilizonyooka na matairi manne yasiyopitwa na wakati. Haya hayapigi kelele, hayapendezi kwenye picha. Lakini ndiyo yatakayomrudisha mwenzako nyumbani.

Tatu, kuona. Usipandishe usichoweza kupima. Geji ya busti ije kabla ya kibanio. Ije na geji ya kupima uwiano wa hewa na petroli. Gari likitembea kwa utulivu uwiano ni karibu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli. Mguu ukiwa sakafuni na turbo imejaa, unahitaji petroli zaidi, uwiano ushuke hadi karibu 11, ili ipoze mchomo. Hewa nyingi, petroli chache, hapo ndipo pistoni zinapoyeyuka. Kwa Subaru nyingi za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukiwa na kompyuta ya mkononi na kebo unaweza kusoma sensa za injini ukiwa uani kwako, kwa programu ya bure kama RomRaider. Utaona kama kompyuta ya gari inarudisha nyuma cheche kwa sababu imesikia mlipuko. Huo ni ujumbe. Usome.

Nne, ndiyo sasa nguvu. Na hapa nasema bila aibu: kusoma fanyeni nyumbani, kuandika mwachieni anayejua. Kubadilisha ramani ya petroli na cheche kwenye kompyuta ya injini ni kazi ya fundi mwenye uzoefu na injini yako hasa, ikiwezekana gari likiwa kwenye daino, ile mashine ya rola ya kupimia nguvu. Barabara ya Bagamoyo saa sita usiku siyo daino. Kwenye makazi ya watu sheria inasema kilomita 50 kwa saa, na anayevuka barabara hajui kwamba uko kwenye majaribio.

Na ile valvu ya kutoa mlio wa “pshhh”? Najua inapendwa. Lakini kwenye Subaru ambayo sensa yake imeshaihesabu hewa, ukiitupa nje hewa hiyo kompyuta haijui, inamwaga petroli ya hewa isiyokuwepo. Kwa kifupi unalipia kelele kwa mafuta. Kama mmekubaliana kulipia kelele, sawa, ni starehe kama starehe nyingine. Iandikeni hivyo.

Hapo ndipo linapokuja daftari. Letu lina safu tatu: lazima, usalama, starehe. Oili na mkanda ni lazima. Breki na matairi ni usalama. Busti, ekzosi, rimu, mlio, vyote ni starehe. Hakuna kitu cha starehe kinachonunuliwa kama safu mbili za mwanzo zina deni. Na starehe ya gari ina mwenzake: kila mwezi kiasi fulani kwake, kiasi fulani kwangu, na hakuna wa kumuuliza mwenzake. Yeye akinunua geji, mimi nikanunua vitenge, tunapongezana.

Tuna sheria nyingine mbili. Ya kwanza, ada, kodi na ujenzi haviazimwi, hata kwa wiki moja. Ya pili, kabla ya kuongeza nguvu hata kidogo, pawepo akiba ya kutengeneza injini ikifa. Kama hamwezi kumudu injini ifunguliwe, hamwezi kumudu busti. Ni hesabu ngumu, lakini ni nafuu kuliko ile ya rafiki yangu.

Kwenye bima pia msifiche. Bima huendeshwa kwa ukweli. Ukibadilisha gari na usiseme, siku ya ajali unaweza kuambiwa madai yako hayalipwi. Pigeni simu, mwulize, mpewe jibu kwa maandishi.

Na kwa mnaofanya kazi nyumbani, tafadhali: hakuna kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Stendi, kila mara. Injini isiwashwe kwenye gereji iliyofungwa, moshi wake hauna harufu ya kukuonya vya kutosha na unaua. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Watoto wawe mbali. Na kama hilo ndilo gari pekee la familia, msilifungue Jumapili jioni. Jumatatu kuna shule.

Mnaochukia magari, nanyi niwaambie kitu. Ukisikia “umenunua tena hayo madude?” mara tano, mara ya sita hatakwambia, ataficha boksi kwa rafiki yake. Badala yake shika tochi, kaa kwenye stuli, uliza: hiki kinafanya nini? Plagi za injini hizi zimekaa ubavuni, zimebanwa na bodi, na kuzitoa kunachubua vidole. Mume wangu akiwa kwenye hali hiyo huongea mambo ambayo mezani haongei. Kuhusu kazi, kuhusu baba yake, kuhusu hofu ya madeni. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hufunguka.

Rafiki yangu na mumewe bado wako pamoja. Injini ya mtumba ilipatikana, busti ikarudishwa ya kiwandani, na bati zikachelewa mwaka mzima. Siku hizi risiti za gari zinabandikwa kwenye mlango wa friji, kila mtu azione. Juzi nimeona moja ya pedi za breki, na chini yake mtu kaandika kwa kalamu: “Nimeridhia.”

Basi mwezi huu kabla ya kushika spana, shikeni kalamu. Tukutane toleo lijalo. Nawapenda.