Kabla Uniambie "Hawa Wote ni Majike," Mgeuze Huyo Sungura Nione

Wasee, leo sijaja na vichekesho. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana, na wenye watakasirika wakasirike tu.

Nilinunua sungura wawili kwa soko moja kule Murang'a. Walikuwa na miezi miwili, weupe pe, macho mekundu, jamii ya New Zealand White. Muuzaji akaniapia: "Hawa ni madada. Wote majike. Ukitaka dume utarudi nikuuzie." Sikumgeuza hata mmoja. Nilikuwa nimetazama video tatu za "anza na sungura wawili, mwaka ukiisha uko na mia," nikajiona mfugaji tayari. Nikawapeleka kwa shosho, nikawatia kibanda kimoja, nikarudi zangu mjini.

Miezi mitatu na kidogo ikapita. Shosho akanipigia simu, ati sungura mmoja anajing'oa manyoya kifuani. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia ni upele, nitatuma pesa ya dawa. Kumbe mama wa watu alikuwa anatandika kitanda! Asubuhi yake shosho akakuta vitoto saba juu ya waya, hakuna kisanduku, hakuna nyasi. Watano walikuwa wamekufa kwa baridi. Yule "dada" mwingine alikuwa kaka, na ndiye alikuwa baba.

Haikuishia hapo. Kabla nipande matatu wikendi nikawatenganishe, dume alikuwa amempanda tena. Hii sikuwa najua: sungura jike anaweza kushika mimba siku ileile amezaa. Hana msimu, hangoji mwezi uandame. Kupandwa kwenyewe ndiko kunakofanya mayai yatoke, na tendo lenyewe ni la sekunde tu. Mwezi mmoja baadaye akazaa tena, amebaki ngozi na mifupa, na hao wa kwanza hata hawajamaliza kuachishwa. Siku ya tatu hakuamka. Shosho alimzika chini ya mparachichi na hakunilaumu. Huko kunyamaza ndiko kuliniuma.

Sasa maoni yangu ni haya. Muuzaji alinidanganya, ama labda pia yeye hakujua. Lakini mimi nilikuwa na mikono miwili na macho mawili, na kazi yenyewe ni ya dakika mbili. Mtu hanunui simu bila kuiwasha. Mbona tunanunua mnyama bila kumwangalia?

Inafanywa hivi. Kaa chini, mlaze sungura chali mapajani, kichwa kikielekea kwako. Mshikilie makalio vizuri, manake akirusha mateke huku ananing'inia anaweza kujivunja uti wa mgongo. Shika mkia katikati ya vidole viwili, halafu kwa kidole gumba bonyeza polepole karibu na sehemu ya siri mpaka ifunguke. Jike utaona ufa mrefu, kama jani dogo, unaoshuka kuelekea njia ya haja kubwa. Dume kitachomoza kitu cha mviringo, kama kibomba kifupi chenye tundu kwa ncha, na kimeachana kidogo na njia ya haja kubwa. Fanya penye kuna mwanga. Ukiwa na ndugu kadhaa wa uzao mmoja, walinganishe. Tofauti inaonekana haraka zaidi hivyo.

Umri nao una maneno. Wa wiki nne, hata wazoefu wanakosea. Wa wiki nane, afadhali. Korodani za dume huanza kuonekana wiki ya 10 hadi ya 12 hivi, na hata hapo akiogopa anaweza kuzivuta ndani. Kwa hivyo kagua mara mbili: siku ya kununua, na tena kabla hajatimiza miezi mitatu.

Na usidanganywe na kupandana. Majike wawili hupandana pia, kuonyeshana nani mkubwa. Jike anaweza hata kupata mimba ya uongo, ajing'oe manyoya na atandike, na hakuna kitoto kinakuja. Wewe geuza, angalia.

Tuje kwa makao. Watoto wa mama mmoja wanaweza kukaa pamoja baada ya kuachishwa, lakini wakikaribia miezi mitatu, dume na jike waachane. Kutoka hapo kila dume na chumba chake, hakuna mjadala. Madume wawili wakikomaa wanapigana vita vya kweli, wanang'atana hadi korodani. Majike waliolelewa pamoja wanaweza kuvumiliana kwa muda kama kuna nafasi, lakini siku ukiona manyoya yametapakaa sakafuni, tenganisha siku hiyo. Jike wa kuzaa akae peke yake, awekewe kisanduku chenye nyasi kavu kufikia siku ya 28 ya mimba. Siku ya kupandisha, jike ndiye anapelekwa kwa dume. Ukimpeleka dume kwake, jike anaweza kumshambulia, manake hapo ni kwake. Wakimaliza, mrudishe.

Najua mtaniambia nini. Wa kwanza atasema, "Lakini porini wanaishi kundi." Ni kweli, babu zao wa Ulaya wanaishi kwa mashimo pamoja. Lakini huko aliyeshindwa ana uwanja mzima wa kutorokea. Kwa kibanda cha futi mbili kwa tatu atatorokea wapi, kwa bakuli la maji?

Wa pili atasema mbao ni ghali. Hilo nalielewa, sote tunatafuta. Lakini pima. Kipande cha waya na mabanzi mawili ya kugawa kibanda ni bei ya chini kuliko nilichopoteza mimi: mama mmoja, vitoto watano, na miezi ya majani ya shosho. Na kama huna pesa ya vyumba viwili, basi huna pesa ya sungura wawili. Anza na mmoja.

Ujumbe wangu wa mwisho ni kwa sisi wenye tunatengeneza video. Tunapiga hesabu tamu, huyu azae wanane, hao wazae wanane, na hatuonyeshi hata mara moja mtu akimgeuza sungura kukagua jinsia. Kijana anachukua akiba yake yote, ananunua ndugu wawili, wanazaana wenyewe kwa wenyewe, mradi unakufa, halafu anaambiwa hakuwa na bidii. Alikuwa na bidii. Alikosa kuambiwa dakika mbili za kwanza.

Hao vitoto wawili waliobaki walipona. Niliwageuza wakiwa na wiki nane, nikarudia kabla ya miezi mitatu: wote madume. Kila mmoja ana chumba chake kwa shosho, na shosho sasa ndiye anakagulia majirani zake sungura kabla walipe.

Wewe uliuziwa "madada" wangapi? Andika hapo chini. Na kama wewe ni muuzaji, usiniambie jinsia kwa mdomo. Mgeuze tuone wote wawili.