Daftari Moja kwa Jego

Ndugu zangu wa Jego, wazee wangu, shangazi zangu na watoto niliowaacha wangali wadogo,

Mimi huku Leicester, Uingereza, ni mzima, shida ni baridi tu. Naandika nikiwa na hasira. Nisameheni mapema, kwani ninaowakasirikia ndio ninaowapenda.

Juzi nimesikia mtoto wa dada yangu amerudishwa tena na maombi yake ya kitambulisho cha Kenya. Aliulizwa bibi mzaa mama alizaliwa wapi, na nyumba nzima ikatazamana. Mmoja akasema Vanga, wa pili Jimbo, wa tatu akataja Moa, ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Kwa jibu hilo la tatu kijana akaambiwa alete ushahidi. Ushahidi gani, nanyi hamkuandika kitu? Mpaka huu waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wakauanzia mlango wa mto Umba, wakawapasua watu waliokuwa wakioana na kuzikana. Wamakonde wa Kwale iliwabidi washike njia kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakatambuliwa kuwa raia. Wapemba wakangoja hadi 2023. Nyote mlifurahi nao, mkala pilau. Kisha mkarudi majumbani, na hakuna hata mmoja aliyeketi na mama yake akaandika.

Mnajua kazi ninayofanya sasa, ingawa najua pia mnavyoisema. Miaka kumi na miwili niliogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kulea wazee. Nikaiacha, nikajifunza kutafuta nasaba za watu, na leo nalipwa kwa saa kusoma sensa, vyeti vya ndoa na daftari za makanisa. Mjomba alinipigia simu akauliza kama nimeacha mshahara ili nifukue makaburi. Sikumjibu vizuri siku ile, nami namwomba radhi. Lakini mjomba, wale wazee niliokuwa nikiwaogesha ndio walionifundisha. Kila jioni walitaja majina ya mama zao, na watoto wao hawakuwa na nafasi ya kuwasikiliza.

Mwaka jana alinijia mteja, mzee wa Kiingereza. Alitaka kujua babu wa baba yake alipigana wapi Afrika. Nilipofungua karatasi nilikuta neno Jasini. Jasini hiyo hiyo ya ng'ambo ya mpaka, jirani na Vanga, ambako Januari 1915 Wajerumani waliizingira ngome ya Waingereza na askari wao wa Kihindi mpaka ikasalimu amri. Nikampa mzee yule cheo cha babu yake, kikosi chake, kadi ya medali yake. Akalia mezani kwangu. Nami nililia usiku, kwa sababu ile vita ilipiganwa mlangoni petu, na tunasimuliwa kwamba babu wa babu yetu alikamatwa akabebeshwa mizigo ya vita hiyo, nami jina lake silijui. Tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri.

Msiniambie Mwingereza ndiye aliyekataa kutuandika. Alikataa, kweli. Lakini Punjab nako alitawala, na makumbusho ya Lahore yalihifadhi daftari za askari wapatao 320,000 wa vita hiyo hiyo, kijiji kwa kijiji, hata leo mjukuu anamkuta babu yake. Sisi hadithi ya Vumba Kuu, magofu yaliyo jirani yenu, aliichapisha mgeni, Hollis, katika jarida la London mwaka 1900. Aliipata kwa wazee wetu! Walikuwa nayo kichwani, na mgeni ndiye aliyeshika kalamu.

Basi ninalotaka ni hili, nami sitaacha kulisema. Nunueni daftari kubwa la jalada gumu, liwekwe msikitini. Kila nyumba ipate kurasa zake: jina la mtu, baba, babu, kisha mama, mama wa mama, na fuko lao, yaani ukoo. Upande wa mama usiachwe. Sisi Wadigo tulikuwa tukihesabu fuko kwa mama, na mirathi ikienda kwa mtoto wa dada, kabla ya kesi za mashamba kutuchanganya. Andikeni alipozaliwa, hata kama ni Moa, hata kama ni Tanga. Andikeni kaburi lake liko wapi, chini ya mti gani. Na pembeni aandikwe aliyesimulia, na tarehe, ili mtu akibisha ajue abishane na nani. Nakala ya pili ikae shuleni. Simu haitoshi: sauti zinapotea simu ikianguka majini.

Anayeandika awe msichana, si kijana wa kiume. Bibi hatamwambia mvulana aliolewa mara ngapi. Na alipwe, kwa sababu hii ni kazi.

Najua kinachowatisha. Kuna nyumba ambazo nasaba zao zinapita Shimoni au Gazi, kwa mtu aliyenunuliwa kama mtumwa, na wengine wameoa na kugawana mashamba juu ya kimya hicho. Huku sensa hufungwa miaka 100. Ile ya 1921 ilifunguliwa 2022, waliotajwa wakiwa karibu wote wamekwisha kufa. Nanyi fanyeni hivyo: ukurasa mzito ufungwe kwa gundi, uandikwe juu mwaka wa kufunguliwa. Lakini uandikwe. Aliyenunuliwa naye alikuwa na mama.

Bibi yetu alifariki nikiwa kwenye hifadhi ya nyaraka, Kew, nikimtafutia mgeni bibi yake. Nilikuwa nimezima simu. Nilipoiwasha mlikuwa mmekwisha kumzika. Nina sauti yake moja tu, ya dakika mbili, ananiuliza nimekula nini. Miaka yote ile nilikuwa na maswali ya kila mtu isipokuwa yake.

Pesa za daftari mbili na mshahara wa msichana wa miezi sita nimezituma kwa dada. Zisinunue bati. Na mwambieni shangazi mkubwa Ijumaa baada ya sala akae karibu na simu. Nitamuuliza kwanza habari ya Moa.