Kufuli la maktaba halilindi muamala

Kwa watengenezaji wengi wa mifumo, imani moja imeota mizizi: maktaba nzuri ya kanzidata ni ile inayokubali kuitwa na thredi yoyote, wakati wowote, mengine ijue yenyewe. Isiyokubali huitwa mbovu. Ni imani ya hatari, hasa pale penye hela.

Tuseme kijana wa Ibadakuli amemtengenezea mnunuzi wa dhahabu wa Geita mfumo wa mauzo. Madirisha mawili, thredi mbili, muunganisho mmoja. Dirisha la kwanza limeandika uzito wa mzigo, malipo bado. La pili linakuta kosa na kuamuru kazi yote iliyo njiani ifutwe. Uzito wa mteja wa kwanza unafutika pia, kisha malipo yake yanaandikwa peke yake. Hela imetoka, dhahabu haimo vitabuni. Na maktaba ilikuwa na kufuli! Lilizuia amri mbili zisigongane, basi. Muamala ni wa muunganisho, si wa thredi. Psycopg2, inayounganisha Python na PostgreSQL, hufanya kazi hivyohivyo, na maelezo yake hayafichi.

Watasema: kufuli lishike muamala mzima. Lianzie wapi? Kwamba uzito na malipo ni jambo moja anajua aliyeandika mfumo, maktaba haijui. Na hata ingejua, dirisha la pili lingekaa likisubiri la kwanza limalize.

Kanuni za Python za kanzidata, PEP 249, zinaitaka kila maktaba itangaze, kwa namba kuanzia 0 hadi 3, thredi zinaweza kuchangia nini ndani yake. Vijana huzisoma kama alama za mtihani: 3 ndiye wa kwanza darasani. Mimi naiheshimu 1, inayosema maktaba itumiwe na thredi zote, ila muunganisho usichangiwe. Hata Go, inayosifiwa kwa ulaini wake, haikwepi hilo: kifurushi chake cha database/sql hugawa miunganisho kutoka kwenye akiba, na kila muamala hufungwa kwenye muunganisho mmoja.

Kwa hiyo anayebuni maktaba aandike mipaka ukurasa wa kwanza, na ikivukwa ipige kelele. Moduli ya sqlite3 ya Python hufanya hivyo: thredi ngeni ikigusa muunganisho, inakataa palepale. Vijana wetu hulizima katazo hilo kwa kuandika False wanapofungua muunganisho, bila kuweka ulinzi wowote mahali pake, halafu wanamwambia mnunuzi kanzidata ina matatizo.