Kufundisha Mieleka kwa Mwendo

Mwalimu wa mazoezi ya viungo anayefundisha mieleka au judo aghalabu huanza kwa namna moja. Huwapanga wanafunzi wawili wawili, huwaonyesha mshiko, kisha huhesabu: moja, mbili, tatu. Mmoja huingia na kutoka. Mwenzake husimama kama mgomba. Darasa huonekana lina nidhamu, na mkaguzi akipita huridhika. Lakini siku ya pambano mwanafunzi yuleyule hukuta kwamba mpinzani hasimami, na yote aliyoyarudia mara mia humtoka. Hapo hushika mabavu, na hapo ndipo shingo na magoti yanapokuwa hatarini. Kwa maoni yangu, kasoro haimo katika marudio yenyewe, bali katika pengo linaloachwa baina ya marudio na pambano.

Jigoro Kano, aliyeasisi judo mjini Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu kwa kazi yake, na kwa miaka mingi alikiongoza chuo cha juu cha ualimu cha mji huo. (Yafaa sisi wakufunzi tulikumbuke hilo tunapoidharau michezo.) Kano hakuzitupa kata, yaani miondoko iliyopangwa tangu mwanzo hata mwisho; ila aliipa nafasi kubwa randori, mazoezi huru ambamo kila mmoja hujaribu kumwangusha mwenziwe. Ili uhuru huo usilete maafa, mapigo yaliondolewa, kupinda viungo kukabakizwa kwenye kiwiko tu, na mwanafunzi akafundishwa kuanguka kabla ya kuangusha.

Baina ya kata na randori iko hatua ya tatu ambayo walimu wengi huiruka. Wajapani huiita yakusoku-geiko: mazoezi ya mapatano. Wawili hutembea jamvini wakishikana, huangushana kwa zamu, wala hakuna anayekaza mwili kumzuia mwenzake. Hapa ndipo mwanafunzi anapojifunza kwamba mtego wa kwanza si lazima ufanikiwe. Akimpiga mwenzake ngwala kwa ndani ili aanguke kinyumenyume, mwenzake atarudisha mguu na kuegemea mbele. Na huko kuegemea ndiko mlango wa kumtupa kwa mbele. Chini vilevile: aliyebanwa ubavuni akijipindua, aliye juu asing'ang'anie mshiko uliokwisha kulegea. Na ahamie kifuani, kisha kichwani, uzito wake ukibaki juu ya mwenzake wakati wote.

Wapo watakaosema kwamba wanafunzi wachanga wakipewa uhuru watapigana ovyo, na mwenye misuli atatamba. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake ni mwalimu kuweka mipaka, si kurudi kwenye kuhesabu. Waanze wakiwa wamepiga magoti. Watumie robo ya nguvu zao. Wabadilishane wenza kila baada ya dakika 2 au 3, mwembamba akutane na mnene. Anayekabwa akigonga jamvi, aachwe papo hapo, pasipo mjadala.

Kwa upande mwingine, siku hizi wapo wakufunzi wa mieleka wanaotaka marudio yaachwe kabisa, mwanafunzi agundue kila kitu mwenyewe ndani ya mchezo. Siafikiani nao. Asiyepata kuonyeshwa mahali pa kuweka nyonga atahangaika muda mrefu kwa jambo ambalo mwalimu angelionyesha kwa dakika moja.

Linabaki suala la mtihani wa vitendo, kwani wanafunzi hujifunza kile kinachopewa alama. Tukihesabu nani kaangusha mara ngapi, watarudia mabavu. Napendekeza tumtazame yule ambaye mtego wake wa kwanza umeshindwa. Akisimama na kujipanga upya, bado hajaiva. Akiufuata mwili wa mwenzake na kuingia mtego wa pili bila kukata mwendo, apewe alama zake, hata kama mwenzake hakuanguka.