Miguu Nayo Ina Daktari Wake



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya kiungo ambacho wengi wetu hukikumbuka jioni tu, tunapovua viatu na kuketi. Ni miguu. Tunaamka nayo alfajiri, tunaisimamia jikoni, tunakwenda nayo shambani, sokoni, kazini na kanisani. Kila mguu, kuanzia kifundo hadi vidoleni, una mifupa 26 na maungio 33, na yote hiyo hubeba uzito wa mwili mzima pamoja na mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Lakini ukimwuliza mama, "Ni lini mara ya mwisho ulitazama unyayo wako?" atacheka tu.

Katika nchi kama Uingereza wako watu wanaosomea kazi hii moja: kutunza miguu na vifundo vyake. Hapa kwetu wataalamu wa namna hiyo ni wachache mno. Hata hivyo mama asiseme, "Basi sina pa kwenda." Kazi hiyo hufanywa na wauguzi na madaktari wa kliniki za kisukari, madaktari wa mifupa na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Hapa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulianzishwa mpango wa Hatua kwa Hatua, ambao daktari mmoja na muuguzi mmoja kutoka kituo kimoja walifundishwa pamoja namna ya kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari, kisha wakarudi kufanya kazi hiyo pamoja. Kwa hiyo anzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, na uulize kliniki ya kisukari iko wapi na ni siku gani.

KISUKARI NA MIGUU VINAHUSIANAJE?

Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi hufanya mabaya mawili miguuni. Kwanza, huharibu mishipa ya fahamu. Mgonjwa huanza kusikia miguu ikichomachoma au kuwaka moto usiku, kisha polepole ganzi huingia, mpaka hasikii kitu. Pili, huharibu mishipa ya damu, ikawa myembamba, na damu inayofika vidoleni ikapungua. Kidonda kikitokea hapo, mwenyewe hana habari, na damu ya kukiponya haitoshi. Wadudu wa maradhi wakiingia, kidonda hufika mfupani. Katika kila wagonjwa 100 wa kisukari, kati ya 19 na 34 hupata kidonda cha mguu wakati fulani katika maisha yao. Mtaona basi kwamba si jambo la watu wawili watatu.

Juu ya ganzi hii, nakumbuka kazi ya daktari mmisionari Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914 na kuanza kutumika katika hospitali ya Kikristo ya Vellore mwaka 1946. Siku zile wengi waliamini kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma huoza na kukatika yenyewe. Yeye na wenzake walionyesha kwamba sehemu kubwa ya vidonda vile ilitokana na kukosa maumivu. Mtu hukanyaga msumari na kuendelea na safari. Hutembea kutwa nzima na kijiwe ndani ya kiatu. Hushika sufuria ya moto asiitupe. Brand alifundisha mpaka mwisho wa maisha yake, mwaka 2003, kwamba maumivu ni zawadi ya Mungu. Sisi tunaoomba kila siku tuondolewe maumivu, tufikiri hapo kidogo.

Jambo hilo hilo liko katika kisukari. Madaktari wa Dar es Salaam wamewahi kuandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku, wakiwa wamelala, wasisikie chochote.  Kwa hiyo mgonjwa mwenye ganzi alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, na chumba chake kisiwe na mabaki ya chakula.

PIMA NYUMBANI KWA KIDOLE CHAKO

Kipo kipimo chepesi kilichotungwa na wataalamu wa mji wa Ipswich, Uingereza, ambacho mke anaweza kumfanyia mumewe, au binti mama yake, bila chombo chochote. Mgonjwa avue viatu na soksi, alale chali au ajinyooshe kitini, afumbe macho. Mwambie aseme "kulia" au "kushoto" kila atakaposikia umemgusa. Kisha mguse kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi kama nzi anavyotua, kwa sekunde moja au mbili: kidole gumba cha mguu, kidole cha kati na kidole kidogo, mguu wa kulia na wa kushoto. Jumla ni vidole sita. Usibonyeze, usigongegonge, wala usirudie pale ambapo hakusikia. Akikosa viwili au zaidi katika hivyo sita, inawezekana miguu imeanza kufa ganzi. Apelekwe kliniki, hata kama anasema, "Mbona siumwi?" Kutoumwa kwenyewe ndiyo dalili.

UKIFIKA KLINIKI, UTAFANYIWA NINI?

Wengi hawaendi kwa sababu ya hofu. Husema, "Nikienda watanikata mguu." Acheni niwaeleze jinsi kazi inavyofanyika, ili muone kwamba hakuna la kutisha.

Kwanza utaulizwa maswali: kisukari kina miaka mingapi, umewahi kupata kidonda, unavuta sigara, unatembea pekupeku? Kisha utavua viatu vyote viwili, hata kama unalalamikia mguu mmoja. Usione haya kwa sababu ya magaga au vumbi. Sisi wauguzi tumeona miguu ya kila namna. Mtaalamu ataangalia ngozi, kucha, katikati ya vidole na chini ya unyayo. Atashika miguu yote miwili kulinganisha joto lake. Atatafuta mapigo ya damu kwa vidole vyake, juu ya mguu na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Kisha atakugusa na kijiuzi cha nailoni kinachopinda kikibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10, ukiwa umefumba macho, useme unaposikia. Hakichomi wala hakitoi damu.

Akiona sugu nene, ataipunguza kwa kisu maalumu kilicho safi. Msidharau sugu. Kwa mtu mwenye ganzi, sugu hukandamiza nyama iliyo chini yake kama kijiwe, na mara nyingi kidonda huanzia hapo hapo chini. Mwisho ataviangalia viatu vyako, kwa hiyo nenda na vile unavyovaa kila siku, si vile vya Jumapili.

Mwenye kisukari aangaliwe miguu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama haoni shida yoyote. Aliyekwisha kupata ganzi aende mara nyingi zaidi, na aliyewahi kuwa na kidonda aende kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, kama atakavyoelekezwa.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Angalia miguu kila siku, juu, chini na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo, au mtoto amsaidie.

2. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Pima maji kwa kiwiko, kwa maana mguu wenye ganzi haujui maji ya moto. Usiloweke miguu muda mrefu.

3. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole. Paka mafuta juu na chini ya mguu, lakini si katikati ya vidole, maana unyevu huleta fangasi.

4. Kata kucha kwa kunyoosha, usichimbe pembeni. Sugu usiikate kwa wembe wala kuipaka dawa ya kuunguza.

5. Usitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Kandambili ni za bafuni. Hazimkingi mtu na mwiba, na kamba yake huchubua katikati ya vidole.

6. Nunua viatu jioni, miguu inapokuwa imevimba kidogo, vyenye nafasi mbele. Kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani utafute kijiwe au msumari.

7. Usiote moto miguu, wala usiweke chupa ya maji ya moto kitandani.

8. Kidonda, lengelenge au mabadiliko ya rangi yakitokea, osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, uende kituoni siku hiyo hiyo au kesho yake. Usipake majivu, dawa ya mswaki wala mafuta ya taa. Usiseme, "Tuone wiki ijayo."

BABA ANAPOKATAA

Najua wengi mtasema, "Mimi nitakwenda, lakini baba watoto hasikii." Katika ziara zetu za kuwatembelea wagonjwa nilimkuta mzee mmoja aliyeficha kidonda chini ya kidole gumba kwa majuma matatu. Alikuwa akivaa soksi hata kitandani. Mkewe alianza kuhisi harufu, akafikiri ni panya amekufa uvunguni. Alipojua, hakumgombeza. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akaleta beseni na kusema, "Mume wangu, leo nitakuosha miguu." Mzee alitoa machozi, akaonyesha kidonda. Hospitalini walimkata vidole viwili, lakini mguu ulibaki, na leo anatembea kwenda kanisani. Wangechelewa zaidi, habari ingekuwa nyingine.

Akina mama, ubishi mwingi wa waume zetu ni hofu iliyovaa koti. Mtu akiogopa kukatwa mguu, ukimtisha zaidi utamfungia mlango. Mkumbushe kwamba anayekwenda mapema ndiye anayebaki na miguu yake.

Wako pia wanaosema kwamba kwenda hospitali ni kukosa imani, na hutaja habari ya mfalme Asa, ambaye katika uzee wake aliugua miguu na kuwaendea waganga (2 Mambo ya Nyakati 16). Tusome vizuri. Asa analaumiwa kwa sababu hakumtafuta Bwana hata katika ugonjwa ule. Linganisheni na Hezekia: alilia mbele za Mungu, akajibiwa, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Maombi na dawa vilikaa katika chumba kimoja. Basi mwombee mgonjwa wako, kisha mfuate kliniki.

NENO KUHUSU VIFUNDO

Kifundo kikiteguka, pumzisha mguu, uinue juu ya mto, ukandike kwa barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20, na funga bandeji isiyobana sana. Usikimbilie kukandwa kwa nguvu. Kama huwezi kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo unauma sana, nenda ukapigwe picha.

Vifundo vyote viwili kuvimba kidogo jioni kwa mama mjamzito ni jambo la kawaida. Lakini uvimbe ukija ghafla, ukapanda usoni na mikononi, pamoja na kuumwa kichwa, kuona maluweluwe au maumivu chini ya kifua, huenda ni kifafa cha mimba kinachokaribia. Usingoje asubuhi. Vilevile mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa baada ya kujifungua, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Nenda hospitali mara moja. Na miguu yote miwili ikivimba pamoja na kukosa pumzi, moyo au figo vichunguzwe.

Wapendwa, usiku ule wa mwisho Bwana wetu aliinama, akajifunga kitambaa, akaosha miguu ya wanafunzi wake mmoja mmoja (Yohana 13). Kwa vyovyote aliona nyufa na michubuko yao. Nawaomba juma hili, kabla ya kulala, kila mmoja amkalishe mtu mmoja wa nyumbani mwake, hasa mwenye kisukari au mzee, amwoshe miguu na kuitazama mahali penye mwanga. Na katika kipindi cha akina mama kanisani, tengeni nusu saa kujifunza kile kipimo cha vidole sita.

Mungu awabariki, azilinde hatua zenu na za watoto wenu. Tukutane tena mwezi ujao.